Elimu ya Siasa si ya Wabunge Tu

Nimesema kuwa nitasoma elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Makerere, na wengi wamenicheka. Hata baba yangu aliniuliza, “Je, mwanangu, wataka kuwa mbunge?” La, sitaki. Nataka kujua jinsi tunavyotawaliwa. Mwezi wa Aprili 1966 Bunge letu la Uganda lilipitisha katiba mpya kabla wabunge hawajaisoma. Waliambiwa nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Basi elimu hii si ya watafutao vyeo tu. Mkulima, mwalimu na karani wote wanaihitaji, maana asiyeijua sheria ya nchi yake hatambui siku inapovunjwa. Baba bado hajakubali, lakini nafasi nitaiomba.