Mtoto asiyesikia si bubu

Hapa Goma mtoto akiitwa mara tatu bila kuitika, mama anakasirika: «Wewe ni kiziwi?» Neno lenyewe halina ubaya. Viziwi wa Tanzania wamelitia katika jina la chama chao, CHAVITA. Ubaya ni kulifanya tusi, kisha kuongeza lingine: bubu.

Wengi tunaowaita bubu wana sauti nzima. Aliyezaliwa hasikii hakupata maneno ya kuiga, basi. Mfundishe lugha ya ishara akiwa mdogo, utaona jinsi anavyobishana! Lakini akishaitwa bubu, anahesabiwa kuwa mjinga, na pesa ya shule inaenda kwa wadogo zake.

Tena hawako sawa wote. Kuna mzee ambaye masikio yamechoka. Kuna aliyesimama karibu na bomu. Kuna aliyesikia vizuri mpaka alipopata homa ya uti wa mgongo, surua, au kinini na jentamisini kupita kipimo. Kuna mtoto anayetoka usaha sikioni miezi na miezi. Huyu angetibiwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa 60 kwa 100 vya watoto vingeweza kuzuiwa. Tukisema tu «ni kiziwi», hatuulizi tena ilianza lini, wala kama bado anasikia kidogo. (Sipingi maombi, lakini usaha haungoji.)

Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11, kwa homa hiyo ya uti wa mgongo. Alikuja kufungua shule za viziwi zaidi ya 30 katika Afrika. Alikufa Disemba 1987 katika ajali ya ndege upande wa Gisenyi, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Ni wangapi kati yetu wanalijua jina lake?

RDC ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Ni nzuri. Lakini mwenye bunduki akipaza «Simama!» usiku, asiyesikia anaendelea kutembea. Na tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, wengi tulikimbia kwa sababu tulisikia kelele za majirani. Katika avenyu yako, nani hasikii? Na nani atamgusa bega siku hiyo?