Kwa nini tunamkimbia aliyeanguka kifafa?



Wiki hii nilipanga tuendelee na usafi wa visima na matangi ya maji. Nimeahirisha kwa sababu ya binti wa miaka 14 aliyeletwa kituoni kwetu akiwa ameungua mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi kiwiko. Alikuwa akikoroga uji kwenye jiko la mkaa, kifafa kikampanda, akaangukia jiko. Uani walikuwapo watu wazima watatu. Hakuna aliyemgusa. Walisubiri povu likauke, kwa kuwa wanaamini anayemshika mgonjwa povu likimtoka, naye hupata kifafa.

Mama yake alikuwa sokoni. Nilipomuuliza habari za wale watu watatu alitazama chini. "Siwalaumu, daktari. Nao wana watoto wao." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ila kwa upande wa baba yake wananiambia mimi ndiye niliyemletea."

Leo vidole viwili vya binti yule vimeshikana. Kifafa chake kinatibika. Mkono ule sina hakika nao. Na kilichoulemaza mkono ni zile dakika alizoachwa juu ya makaa.

Sitaki nijifanye mwema mbele yako. Nikiwa na miaka kama kumi, mwenzetu mmoja alianguka madrasa katikati ya somo. Sote tulitimka, mimi nikiwa wa mbele. Baadaye mkeka aliokuwa amekalia ulichomwa moto. Yule kijana hakurudi tena kusoma, na sikumbuki kama kuna mtu aliyekwenda kwao kumuuliza. Nilisoma kitabu cha twahara mwaka uleule, nikahifadhi milango yake, wala sikuona kuwa jambo lile linahusiana na nilichokuwa nikisoma.

Basi tuanze hapo. Povu la kifafa ni mate yaliyochanganyika na hewa, kwa sababu mgonjwa anashindwa kumeza na misuli ya kifua na taya inakaza. Mate ya binadamu ni twahara, hilo kila aliyepita madrasa analijua. Akiwa ameuma ulimi na damu ikatoka, ioshe damu kama unavyoosha damu ya jeraha lolote. Akijikojolea, nguo na mahali vitatwaharishwa kama mtoto akikojoa. Na kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa mkojo, kwa hewa wala kwa kula sahani moja. Kinatoka ndani ya ubongo, pale umeme mdogo unaotumiwa na chembe za ubongo unapolipuka bila mpangilio. Ningeogopa moto uliompata, si povu.

Tukishamkimbia, tunatafuta wa kulaumiwa. Mara nyingi ni mama: alitembea usiku akiwa na mimba, ana majini ya kwao, ana siri yake. Mimi katika kazi yangu nakutana na sababu nyingine kabisa. Mtoto alichelewa kulia baada ya uchungu wa muda mrefu. Aliugua malaria kali ikapanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Alianguka na pikipiki akaumia kichwa. Wapo pia wengi ambao hata hospitali kubwa haitajua sababu, na mama wa mtoto huyo hana kosa lolote la kuungama.

Lipo moja linalotuhusu sana sisi Waislamu, nami nimelisikia likisemwa barazani: kwamba fulani ameangushwa na kifafa kwa kuwa alikula nguruwe kwa siri. Chanzo cha uvumi huu ni kweli nusu. Yupo tegu wa nguruwe, na mabuu yake yakifika kwenye ubongo huleta kifafa. Lakini sikiliza vizuri. Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu, ambayo haikuiva, hupata tegu tumboni. Mabuu ya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yanafika kwako kwa mikono isiyonawa, kwa mchicha uliomwagiliwa maji machafu, kwa maji ya kunywa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Mayahudi wa New York, watu wasiogusa nguruwe kabisa, waliopatwa na ugonjwa huu. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuonja haramu, akapata kifafa kwa sababu aliyemwandalia chakula hakunawa kwa sabuni alipotoka chooni. Badala ya kumpeleleza mgonjwa alikula nini, tazama kama choo chako kina sabuni.

Hofu hii si ya mtaa mmoja. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wana makovu ya moto, wanakula peke yao. Aliwapa vidonge, na wengi walipata nafuu. Utafiti wa miaka ya karibuni unahusisha wingi wa kifafa eneo lile na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na vijinzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Wale watu walikuwa wakihukumiwa kwa kuumwa na mdudu.

Katika Bukhari na Muslim imo habari ninayotamani isomwe kila Ijumaa. Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha mwanafunzi wake Ata mwanamke mweusi, akamweleza kuwa ni wa peponi. Mwanamke yule alikuwa na maradhi ya kuanguka, na akianguka nguo zilimfunuka. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Alihiarishwa baina ya kusubiri apate pepo na kuombewa apone, akachagua subira. Akaomba jambo moja tu: asifunuke. Mtume (s.a.w.) akamwombea hilo. Kilichomuumiza mwanamke yule ni aibu ya kutazamwa, na Mtume hakumuuliza alifanya nini hata akapatwa.

Kwa hiyo mtu akianguka mbele yako, mtoe kwenye moto, maji au barabara. Mfunike kwa kanga. Legeza ushungi au kola, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane mikono, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimnyweshe chochote. Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali. Wanaosimama kutazama waombe waondoke.

Kuhusu dawa, Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kisomo cha ruqya hakizuii kidonge. Anayekuamuru utupe vidonge ndipo aanze kazi yake, muage. Usiazime dawa ya jirani, kwani nyingine hazimfai mwanamke anayetarajia kuzaa, na usiache ghafla kwa kuona umepona. Kwa kawaida huwa tunasubiri angalau miaka miwili bila kuanguka kabla hata ya kulizungumza hilo. Ramadhani ikikaribia njoo tupange saa za vidonge, maana kukosa usingizi nako huchochea kifafa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Nasi wahudumu tupunguze kumfokea aliyekosa kliniki. Nimemfokea zaidi ya mmoja, kisha nikagundua hakuwa na nauli.

Binti yule ameanza dawa, na kwa wiki ya tano sasa hajaanguka, alhamdulillah. Madrasa bado hajarudi. Baadhi ya wazazi wametaka akirudi akae mlangoni, peke yake. Jumamosi baada ya Alasiri nitakwenda na mama yake kwa ustadhi wake, tuzungumze.