Nani Ataandika Habari za Mara Jazz?

Juzi nilikuwa Bunda kwa mshikaji wangu, mwandishi chipukizi kama mimi. Akanipa simu yake: "Sikiliza jazz yenyewe hii." Ilikuwa Elastic Rock, albamu ya kwanza ya Nucleus, bendi ya Uingereza, iliyotoka 1970. Tarumbeta ya Ian Carr juu ya gitaa la umeme. Tamu, sikatai. Mwaka huohuo walishinda kwenye tamasha la Montreux, Uswisi.

Nikamuuliza, "Na Mara Jazz je?" Akacheka. Eti wale walijipachika jina tu. Kama walikuwa bendi kweli, albamu yao ya kwanza iko wapi?

Hiyo ni kasumba, ndugu zangu! Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932, miaka 38 kabla ya Elastic Rock. Kwetu jazz ni bendi ya dansi: magitaa, tarumbeta, saksafoni, na watu wa kucheza. Mara Jazz wa Musoma walikuwa na mtindo wao wenyewe, Sensera. Albamu? Enzi hizo nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, wimbo mmoja mmoja, kwenye kanda. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Kuwadai hao albamu ni sawa na kumdai mvuvi wa Mwigobero risiti ya ziwa.

Lakini kuna mahali mshikaji kanichoma bila kujua. Ian Carr hakupuliza tarumbeta tu. Aliandika. Mwaka 1973 alitoa kitabu, Music Outside, kuhusu jazz ya Uingereza ya siku zake. Hakungoja mgeni aje kumsimulia.

Na sisi? Mimi, wa kidato cha nne, natunga riwaya ambayo shujaa wake anaishi Nairobi, mji nisioukanyaga. Nimepanda gari la Musoma na Bunda mara ngapi, nikakaa ubavuni mwa wazee, nisiwaulize: dansi lilipigwa wapi? Nani alishika solo, nani besi?

Tunakwenda Butiama kwa Mwalimu, aliyeunda wizara ya utamaduni 1962, tunapiga picha, tunarudi. Bwana, wizara haitatuandikia. Na wazee hawatungoji.

Nimeiweka riwaya kando, nimenunua daftari. Wewe unayesoma hapa, unaye mzee mmoja mtaani kwenu. Mwendee wiki hii. Ukichelewa, utakuta turubai limefungwa.