Mtwapa Ilipozimwa Taa, Nani Alishangilia?

Nina ugomvi na watu wanaoikumbuka Machi ya 2020 kwa raha. Mnawajua. Ni wale wanaoandika ati dunia ilipumua, ndege wakasikika, watu wakarudi kwa familia zao. Baadhi yao ni waandishi ninaowasoma na kuwapenda. Wa huku Pwani wana toleo lao: ati Mtwapa, mji usiolala, hatimaye ulilala. Wanalisema hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa mgonjwa amepata nafuu.

Mie nimekulia Mtwapa na siku hizo nilikuwa huko. Mji haukulala. Ulikaa macho gizani, ukipiga hesabu.

Tuweke tarehe mezani, maana kumbukumbu za raha hazipendi tarehe. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Ijumaa, Machi 13, 2020. Jumapili ya Machi 22 serikali ikasema baa zote zifungwe kuanzia usiku huo, na ndege za abiria kutoka nje zisitue tena kuanzia usiku wa Machi 25. Ijumaa ya Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyohiyo, kule kivuko cha Likoni, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya kutoa machozi watu waliokuwa wanaikimbilia feri wawahi nyumbani. Aprili 8 ikawa marufuku kuingia au kutoka kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Yote hayo, na wiki nne hazijatimia.

Mtwapa iko Kilifi, lakini mfuko wake uko Mombasa. Wateja wa usiku hutoka Nyali, Bamburi na Shanzu, wanavuka daraja. Marufuku ilipoanza, daraja likawa mpaka.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi wa utulivu hawalitaji kabisa, nalo ni kalenda. Kwa mtu wa ofisi, Aprili ni mwezi kama miezi mingine. Kwa anayekula kwa utalii wa Pwani, Aprili ndiyo mlango wa njaa. Masika huingia, bahari huchafuka, wageni wa Ulaya hupungua, na hoteli nyingine hufunga kwa ukarabati huku vibarua wakiambiwa warudi Julai. Anayeijua kazi hii huanza kuweka akiba Desemba, na mavuno ya mwisho ni Pasaka. Pasaka ya 2020 iliangukia Aprili 12. Korona ilitukuta shamba liko tayari, jembe likanyang'anywa.

Nitaambiwa nitoe takwimu. Haya. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Lakini takwimu hiyo inahesabu pasipoti. Haimhesabu mama yangu.

Mama alikuwa anakaanga viazi karai na kuchoma mishkaki nje ya klabu moja, saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, miaka mingi. Ndani ya klabu hajaingia hata siku moja. Ukisimama pale alipokuwa na karai lake ungeuona uchumi mzima umepanga foleni. Kuna baunsa. Kuna wenye tuktuk na bodaboda. Kuna kijana wa muguka na sigara za moja moja, muuza njugu, muuza kahawa na kashata, mama anayesafisha choo cha klabu, soja wa duka la jirani. Kuna madada, ndiyo, nitafika kwao. Na nyuma ya hao kuna watu wa mchana wasiojua kuwa wanakula usiku. Msusi wa mtaani kwetu ni mtu wa swala tano, saa tatu asubuhi yuko kibarazani na vitana vyake. Baa zilipofungwa, wiki ya pili alikuwa amekaa palepale, hana kichwa cha kusuka. Ndipo akajua wateja wake walikuwa wakisukwa kwenda wapi.

Aprili ilipokuwa inaisha ikapita orodha ya chakula cha msaada. Kijana mwenye daftari akamwuliza mama kazi yake.

"Nauza viazi, mwanangu."

"Wapi?"

"Pale nje ya klabu. Usiku."

Akacheka. "Mama, hiyo nayo ni kazi?"

Hakumwandika. Akavuka kwenda nyumba ya pili.

Nilikasirika siku nzima, kisha nikaanza kumfikiria yule kijana. Hakuwa mbaya. Alikuwa na heshima zake, alibisha hodi, alivua viatu. Lakini alikuwa amesoma vitabu vilevile nilivyovisoma mimi.

Na hapa ndipo ugomvi wangu unapofika kwetu sisi tunaojiita watu wa fasihi. Hebu tujiulize: katika riwaya tulizosomeshwa shuleni, ni ngapi ambamo mwanamke wa baa anafika ukurasa wa mwisho akiwa hai na kodi ya nyumba imelipwa? Kezilahabi alitupa Rosa Mistika mwaka 1971, na Rosa anajiua. Said Ahmed Mohamed alitupa Utengano, na tunamwona Maimuna akiangukia Rumbaroom, mahali tunapofundishwa kupajua kama shimo. Ni vitabu vikubwa, sivitukani. Kezilahabi alikuwa anamshitaki baba mkali, na Said alikuwa anamshitaki Maksuudi na wenzake. Lakini darasani tulifanya nini navyo? Tuliandika majibu ya mtihani kwamba maudhui ni "athari za umalaya" na "umuhimu wa maadili". Mashitaka dhidi ya wenye nguvu tukayageuza kuwa onyo kwa binti. Vizazi vya wanafunzi vikatoka shuleni na somo moja: wa usiku mwisho wake ni kuangamia, na akiangamia hadithi imekaa sawa.

Sasa mtu aliyelelewa na hadithi hiyo akisikia Mtwapa imefungwa, atauliza nani atalipa kodi? Hatauliza. Ataona sura ya mwisho imefika. Ndiyo maana walipatikana watu wa kusema, mimbarini na kwenye simu, kuwa Mungu ameisafisha Mtwapa. Ugonjwa uliokuwa unaua wazee wa Italia waliolala na rozari zao mkononi, kwetu ukageuzwa polisi wa maadili.

Najua mtakachonijibu, na nitakijibu kwa haki.

La kwanza, mtasema baa zilistahili kufungwa. Nakubali. Chumba kisicho na dirisha, watu mia wanapigiana kelele masikioni, kirusi hakihitaji mwaliko zaidi ya huo. Sijasema zisifungwe. Nasema kuwa ukimfungia mtu kazi kwa faida ya wote, basi wote mna deni kwake. Deni hulipwa kwanza kwa kukiri kuwa ile ilikuwa kazi. Sisi tulichukua faida, kisha tukamhubiria.

La pili ni zito zaidi. Mtasema usiku wa Mtwapa uliwala watoto. Ni kweli. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti iliyoeleza jinsi watoto wa Pwani wanavyotumiwa kingono, na si na watalii peke yao, bali na Wakenya pia. Yeyote anayeandika juu ya mji wetu akaliruka hilo ni mwongo. Lakini mnyonyaji hahitaji disko. Anahitaji mtu mwenye njaa na mlango unaofungika. Ile kafyu ilimpunguzia nini hasa? Shule zimefungwa, mama hana karai, binti yuko nyumbani, na mwenye pesa mtaani ni yuleyule. Anayewalilia watoto kwa dhati angeshtuka zaidi siku zile, wala asingepata nafasi ya kushangilia.

Na madada niliowaahidi? Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyekuwa akimlipia karo mdogo wake na kumtumia mama yake pesa bara kila mwezi. Marufuku ilimkuta upande huu, hawezi kwenda kwao, hana kazi huku. Wiki moja aliuza redio, wiki ya pili meko. Siku ya orodha ya chakula hata mlango hakuufungua. Alijua swali litakaloulizwa na alijua kicheko kitakachofuata.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kushangilia walilisahau. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti ilikuwa imefungwa, taraweh watu wanaswali vyumbani. Mama, baada ya kupoteza usiku wa klabu, alijaribu kuuza vitu vya futari. Lakini magharibi yetu huingia kama saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa moja ni kafyu. Utauza nini katika nusu saa? Wa kahawa na kashata, ambaye miezi mingine huwauzia walevi na Ramadhani huwauzia wanaotoka msikitini, alikosa wote wawili. Usiku wa ibada na usiku wa anasa vilifungwa kwa kufuli moja, na muuzaji wa kahawa ndiye pekee aliyekuwa anajua kuwa ni usiku mmoja.

Fasihi yetu si kwamba haiwezi. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute, anamleta Yasmin akimkimbia mume mzee, na nani anamfungulia mlango? Mwajuma wa Ng'ambo, mpenda ngoma na starehe, mwenye chumba kidogo na moyo mpana. Mwandishi hakumtundika msalabani atufunze. Alimwacha apike, acheke, atembee. Shaaban Robert naye, pamoja na uungwana wake wote, aliona inafaa kuandika wasifu wa Siti binti Saad, muuza vyungu aliyekuja kuishi kwa kuwaimbia watu usiku. Kwa hiyo njia ilikwisha kufyekwa. Sisi ndio tuliyoiacha ikaota nyasi.

Ninachodai ni kidogo. Mtu akitaka kuandika riwaya ya korona, na zitaandikwa, asituletee tena ndege na utulivu. Aniandikie baunsa mwenye watoto wanne anayejifunza kuvua samaki akiwa na miaka arobaini. Aniandikie msusi na vitana vyake. Aniandikie jirani yetu nyuma ya mlango ule, na tafadhali asimwue.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Mama alirudi na karai, akakuta pale pake pamekaliwa na mwingine. Hawakugombana. Akasogea milango mitatu kushoto, yupo hapo hadi leo. Mwandishi anayetaka kuujua usiku wetu apite pale kuanzia saa mbili. Anunue kwanza, ndipo aulize maswali.