Uwanja Mtupu Si Ardhi Iliyolala

Ndugu walimu, kuna kauli inayorudiwa mno hapa Kampala, nayo ni kwamba uwanja wa shule usiojengwa ni ardhi iliyolala. Sisi wenye kushika chaki tusipoijibu, nani ataijibu?

Tuanze na Shimoni. Mwaka 2006, shule ya msingi ya Shimoni ilibomolewa, pamoja na chuo cha ualimu kilichokuwa jirani yake katikati ya mji, ili pajengwe hoteli kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola. Mkutano ulifika Novemba 2007, ukamalizika, na hoteli haikuwapo. Ardhi iliyoamshwa kila siku kwa kelele za watoto ikalala miaka mingi nyuma ya uzio, hata baadaye yakasimama pale majengo ya biashara. Basi ni nani aliyeilaza: mtoto aliyekimbia juu yake, au mkubwa aliyemfukuza?

Wapo watakaosema kwamba tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 1997 watoto wamefurika, na madarasa hayana budi kujengwa. Ni kweli, yajengwe; lakini yasijengwe juu ya afya ya hao watakaokaa ndani yake. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto wa umri wa kwenda shule apate wastani wa dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku. Mtoto wa Kisenyi au Bwaise, ambaye nyumbani hana ua na njiani hupishana na bodaboda, atazipata wapi ikiwa si shuleni? Hata macho hufaidika: huko Guangzhou, China, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipungukiwa na ugonjwa wa kutoona mbali.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna sababu yetu. Tangu 2005 Katiba yaitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, nasi twalalamika kwamba watoto hawaisemi. Lakini watazame wakicheza kwepena, mchezo wa kuukwepa mpira. Jina lake lenyewe limekaribiana na neno letu! Pale mtoto wa Kiganda na wa Kiacholi hulazimika kuamrishana, kubishana na kupatana. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani ubaoni. Mwalimu anayefundisha kuhesabu na kuamuru uwanjani atavuna zaidi ya yule anayekaririsha ngeli mchana kutwa.

Hata hivyo tusijitakase. Ni wangapi miongoni mwetu wanaomnyima mtoto mapumziko kwa kosa la daftari, au wanaoyameza mapumziko yote kwa mazoezi ya mtihani wa darasa la saba? Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 chataja mchezo kuwa haki. Haki haiwi zawadi ya mwenye daftari safi.

Siku itakapoletwa ramani ya maduka katika kikao cha shule yako, simama useme. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naye hawezi kukua akiwa ameketi.