Dodoma ichimbe visima, lakini pia ipime maji

Mazungumzo kuhusu maji ya Dodoma hukimbilia miradi mikubwa: bwawa la Farkwa kule Chemba, bomba la kutoka Ziwa Victoria, visima vipya vya kuongezea vile vya zamani. Hakuna wa kuibeza miradi hiyo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika mji huo; ile ya 2022, serikali ikiwa imekwisha kuhamia, ikahesabu 765,179. Ila kuna kazi nyingine ya maji ambayo haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata: mtumishi kwenda kisimani, kushusha kipimo na kuandika maji yako kina gani. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa Dodoma hazina ambayo miji mingi ya Afrika haina.

Hazina yenyewe iko Makutupora, kaskazini mwa mji. Watanzania wengi wanaifahamu kwa kambi ya JKT, na wapenzi wa zabibu kwa kituo chake cha utafiti. Wanahaidrolojia duniani wanaijua kwa jambo jingine. Chini ya bonde hilo kuna miamba ya graniti iliyochakaa na kupasukapasuka, na ndani ya nyufa zake mna maji ambayo kwa miongo mingi yamepandishwa na pampu za kituo cha Mzakwe kwenda mjini. Vipimo vya kina cha maji hayo vilianza kuandikwa miaka ya 1950. Uhuru ukaja, Azimio la Arusha likatangazwa, ikafika miaka ya 1980 ambapo hata dizeli ya gari la serikali ilikuwa ya kutafuta, na rekodi ikaendelea kukua. Waliofanya kazi hiyo hawakupata umaarufu wowote.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, UCL, pamoja na wenzake wakiwemo wataalamu wa Tanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change matokeo ya kuchambua rekodi ya miaka 55 ya Makutupora. Walichokiona kinapingana na mazoea ya wapangaji wengi. Maji ya chini ya ardhi hapo hayajazwi kidogokidogo kila masika. Kina hushuka mwaka baada ya mwaka, halafu msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi hukipandisha ghafla, kisha kushuka kunaanza tena. Misimu hiyo mara nyingi huenda na El Niño na joto la Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki. Mvua za 1997/98, ambazo wengi wanazikumbuka kwa barabara na madaraja yaliyosombwa, ndizo zilizoijaza Makutupora.

Sababu si ya ajabu. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hivi kwa mwaka, chini ya jua kali. Mvua ya kawaida huishia kwenye udongo wa juu. Mimea huichukua, nyingine inarudi hewani. Maji hayafiki chini mpaka mvua iwe nzito kiasi cha kuifanya mito ya msimu itiririke kwa siku nyingi. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2021 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ulionyesha kuwa sehemu muhimu ya maji hupenya kupitia vitanda vya mchanga vya mito hiyo ambayo kwa miezi mingi huonekana mikavu, isiyo na faida.

Basi Dodoma ni kama duka linalouza kila siku lakini hupokea shehena mara moja baada ya miaka kadhaa. Mwenye duka hilo hawezi kupanga mauzo kwa kuangalia mwezi mmoja. Mwaka wa mvua nzuri kwa uwele na alizeti unaweza kuwa mwaka ambao kisima hakikupata kitu, na mafuriko yanayolaaniwa mjini yanaweza kuwa ndiyo yaliyookoa maji ya miaka mitano ijayo. Bila vipimo, hakuna anayeweza kujua lipi limetokea.

Matokeo yake yanagusa hata watu wasioshughulika na maji. Mji unaojengwa kwa kasi unahitaji mchanga, na malori huufuata mitoni. Afisa ardhi anayegawa viwanja kando ya korongo, na mkandarasi anayelisakafia kwa zege, wote wanaamua maji yatazama wapi. Mchanga wa mto wa msimu Makutupora unastahili ulinzi ule ule unaopewa chanzo cha mto milimani.

Wapo watakaosema kupima hakuongezi hata ndoo moja. Wakumbuke Turkana. Septemba 2013 Kenya ilitangaza kugunduliwa, kwa msaada wa satelaiti, kwa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi, na magazeti yakaandika kana kwamba ukame umekwisha. Baadaye uchimbaji wa majaribio ulikuta maji yenye chumvi nyingi mno kunyweka. Satelaiti inaweza kuonyesha mahali pa kutafuta. Ladha ya maji, na kasi ya kurudi kwake baada ya kuvutwa, hujulikana kisimani tu.

Utabiri wa tabianchi unaelekeza kwamba mvua kali zitaongezeka kuliko wastani wa mvua. Kwa Makutupora hiyo yaweza kuwa habari njema, ingawa mafuriko hayohayo hubeba uchafu wa vyoo. Habari njema, lakini si ruhusa ya kuvuta bila hesabu, maana hakuna ajuaye shehena ijayo itafika lini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inazipa bodi za mabonde mamlaka ya vibali. Itumike. Kila anayepewa kibali cha kisima kikubwa Dodoma, awe taasisi, kiwanda au hoteli, aweke mita, aache bomba jembamba la kupimia kina, na apeleke vipimo kila mwezi. Visima vya uangalizi visivyovutwa maji vilindwe visije vikageuzwa vya kuuzia. Takwimu ziwekwe wazi ili vyuo na waandishi wazisome. Na Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu itengewe fungu la kudumu la kazi hiyo, lisilokatwa kila bajeti inapobana, kabla pampu nyingine haijawashwa Mzakwe.