Filamu ya Hamadi ionyeshwe Lubunga

KISANGANI – Kamera za sinema zilifika Boyoma zamani, mikononi mwa wageni. Mwaka 1951 John Huston alipiga The African Queen kwenye mto Ruiki, kusini mwa mji, pamoja na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Mto ulionekana vizuri. Wenyeji wake karibu hawakupewa neno la kusema.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aligeuza mambo. Filamu yake En route pour le milliard inafuata wahanga wa vita vya siku sita, waliopoteza miguu na mikono Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa. Wahanga wanateremka mto hadi Kinshasa kudai fidia, siku nyingi juu ya maji, mvua ikiwakuta chini ya maturubai. Mwaka 2020 ikawa filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes.

Wapo wanaosema Cannes ilimfaa Hamadi, wahanga wakabaki na magongo yao. Lawama hiyo imekosea mlango. Mpiga filamu hana deni la fidia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Habari za pesa hizo waulizwe wanaozishika.

Hamadi aliacha kitu kingine. Katikati ya safari, filamu inaonyesha wahanga haohao jukwaani, wakiimba na kuigiza yaliyowapata. Mtu aliyezoea kuandikwa kwenye orodha anasimama hapo kama msimulizi, na mwili wake anautumia apendavyo. Machozi ya kuombea msaada hayamo.

Ndiyo maana filamu hii ionyeshwe Lubunga, mbele ya familia zilizokimbia mapigano ya Mbole na Lengola tangu 2023. Wahanga wanasema Kiswahili na Lingala, kwa hiyo bibi asiyesoma Kifaransa atafuata. Shuka jeupe, projekta na jenereta vinatosha. Wengine wanaogopa itaamsha uchungu. Basi watu waelezwe mapema, na asiyetaka abaki nyumbani. Kesho yake jukwaa waachiwe wahami wenyewe, bila mtu wa shirika kuwaandikia maneno.